Kompresa ya skrubu: andika joto, usitosheke na presha

Opereta wengi wakiingia chumba cha kompresa hutazama geji ya presha. Ikisoma baa 7, wanaondoka wameridhika. Lakini kompresa ya skrubu yenye oili, yaani mashine inayobana hewa kwa skrubu zinazozunguka ndani ya oili, inaweza kukupa baa 7 kamili huku oili imeungua na beringi zimeanza kulika.

Mimi husisitiza namba mbili ziandikwe kila zamu, mashine ikiwa na mzigo, yaani inazalisha hewa: joto la hewa na oili zinapotoka kwenye skrubu, na joto la chumba. La kufuatilia ni tofauti kati yake. Chumba kikiwa nyuzi 32 na skrubu ikisoma 88, tofauti ni 56. Mwezi ujao chumba kikiwa 32 vilevile na skrubu ikasoma 97, kuna kitu kimebadilika, ingawa taa ya onyo haijawaka; mashine nyingi hujizima karibu na nyuzi 110. Kusubiri hadi hapo ni hasara, kwani kila nyuzi 10 zinazozidi hupunguza umri wa oili kwa takriban nusu. Anza na rejeta, inayopoza oili. Karibu na kiwanda cha saruji utakuta vumbi limeganda. Kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, nyuzi za pamba zimeziba kila upenyo. Kisha angalia kama hewa ya moto inarudi chumbani, kiasi cha oili, filta, na valvu ya thermostati, inayoamua oili ipite kwenye rejeta au la.

Jambo linalosahaulika zaidi ni joto dogo, hasa kwetu Dar, Tanga na Mombasa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ikibanwa hadi baa 7, huanza kutoa maji ikishuka chini ya nyuzi 67 hivi. Skrubu ikisoma 60, usifurahi kwamba mashine "imepoa": maji yanaingia kwenye oili, na beringi haziwezi kuishi na maji.

Kuhakiki ni rahisi. Asubuhi, mashine ikiwa imezimwa usiku kucha, hakikisha tangi la oili halina presha hata kidogo, kisha legeza koki ya chini taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwepo hutangulia. Funga mara oili safi inapoanza kutoka. Ikitoka nyeupe kama maziwa, ibadilishwe.

Halafu linganisha saa za kukimbia na saa za mzigo kwenye paneli. Nimekuta mashine zinazokimbia bila mzigo zaidi ya nusu ya muda wake. Oili haipati joto la kutosha, na mota bado inakula kama robo hadi theluthi ya umeme wake wa kawaida bila kuzalisha hewa yoyote. Kama valvu ya thermostati ni nzima na maji bado yanarudi, mashine hiyo ni kubwa kuliko kazi yake. Mwambie mwenye kiwanda mapema, kabla hajanunua oili nyingine.