Kugeuza baiskeli ya spoti ya zamani kuwa fiksi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Fiksi ni baiskeli ya gia moja isiyo na friwili, yaani kifaa kinachoruhusu gurudumu kuzunguka huku pedali zimetulia. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Wengi huiona kama baiskeli iliyopunguziwa vitu tu, kumbe sproketi (gia ya gurudumu la nyuma), cheni na habu (kitovu) ya nyuma sasa vinabeba nguvu ya pande mbili: ya kusukuma na ya kuzuia. Anayesahau hilo ndiye anayeamini mengi ya haya yafuatayo.

"Habu yoyote ya friwili inafaa. Funga sproketi, tia gundi, basi."

Sproketi itaingia vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo. Nyuzi ni zilezile: kipenyo cha inchi 1.37, nyuzi 24 kwa inchi. Ukikanyaga kwenda mbele, sproketi inajikaza. Ukizuia pedali ili upunguze mwendo, inaanza kufunguka. Habu halisi ya fiksi ina ngazi ya pili ya nyuzi, nyembamba kidogo (inchi 1.29), ambazo hukazwa kinyume, kuelekea kushoto. Humo huingia ringi ya kufungia, kwa hiyo sproketi ikitaka kufunguka inajikuta inaikaza ringi.

Kuna mafundi wanaochukua ringi ya ekseli ya kranki (mikono ya pedali) na kuifunga nyuma ya sproketi kwenye habu ya friwili, kwa kuwa nyuzi zinalingana. Tatizo ni kwamba sproketi na ringi hiyo hufunguka upande mmoja, kwa hiyo zinaweza kutoka pamoja. Gundi ya nyuzi itashika mpaka siku utakapozuia kwa nguvu zako zote kwenye mteremko, yaani siku ile ile unayoihitaji. Kama fedha ya habu mpya haipo, funga friwili ya gia moja na ubaki na breki mbili. Si fiksi, lakini ni baiskeli nzuri.

Kwenye habu sahihi, paka nyuzi grisi, kaza sproketi kwa spana ya cheni, kisha ringi. Endesha mita mia kadhaa ukipanda mlima, rudi ukaze ringi tena. Mlima huwa umeikaza sproketi zaidi na kuiacha ringi ikiwa imelegea.

"Fremu yoyote ya zamani itafaa."

Tazama midomo ya fremu inaposhika ekseli ya nyuma. Mwanya ukiwa umelala, gurudumu linavutwa nyuma na cheni inakaza. Ukiwa wima, hakuna pa kuvutia. Usidanganywe na kikazio cha springi: unapozuia pedali, upande wa chini wa cheni ndio unaobeba nguvu, na kikazio kitapinda au kuvunjika. Fremu ya namna hiyo inataka habu maalumu ambayo ekseli yake haikukaa katikati, na bei yake mara nyingi inapita ya fremu yenyewe.

Upana nao una mambo yake. Habu nyingi za fiksi ni milimita 120. Fremu za gia 5 za nyuma kwa kawaida ni 120, za gia 6 au 7 ni 126, za 8 kwenda juu ni 130. Usiibane fremu kwa kukaza nati, kwani midomo inapoteza usambamba na ekseli inapinda. Kwa fremu ya 126, ongeza washa za milimita 3 kila upande, mradi ekseli ina urefu wa kutosha. Fremu ya chuma fundi anaweza kuipinda taratibu ikae kwenye kipimo. Ya alumini haiguswi.

Kisha pima mstari wa cheni. Sproketi ya habu hizi hukaa kama milimita 42 kutoka katikati ya fremu, na meno ya mbele yanatakiwa yawe hapo hapo. Kwenye kranki ya zamani ya ringi mbili, jaribu nafasi ya ndani kwanza.

"Miguu ndiyo breki."

Ukipunguza mwendo, uzito unahamia mbele na gurudumu la nyuma linakuwa jepesi. Hata miguu ya chuma haiwezi kulipa mshiko lisilokuwa nao, litateleza tu. Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 zinataka mifumo miwili ya breki inayojitegemea. Gurudumu la fiksi linahesabiwa kuwa mmoja, ndiyo maana breki ya mbele haiepukiki. Ukitoa magurudumu ya inchi 27 (rimu ya kipenyo cha milimita 630) na kuweka ya 700C (milimita 622), ukingo wa rimu unashuka milimita 4, basi hakikisha mpira wa breki unaifikia.

"48 kwa 16 ni uwiano mzuri, hesabu yake ni rahisi."

Urahisi wake ndio ubaya wake. Meno 48 ya mbele kwa 16 ya nyuma ni 3 kamili, hivyo kila unapoteleza huku mguu ule ule ukiwa mbele, tairi linasuguliwa mahali pamoja, na baada ya muda linatoboka pale huku kwingine likiwa jipya. Kwa 46 na 16 (23 kwa 8) tairi linasuguliwa sehemu 8 tofauti. Kwa 48 na 17 unapata 17. Tofauti ni jino moja tu la nyuma.

"Usukani ni usukani."

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Usukani una vipimo viwili. Cha kwanza ni katikati, stemu (kipande kinachounganisha usukani na fremu) inaposhika, kwa milimita: 25.4, 26.0, 26.4 kwenye usukani wa zamani wa Cinelli, 25.0 kwenye nyingi za Kifaransa, na 31.8 za siku hizi. Usukani wa 25.4 ndani ya stemu ya 26.0 utaonekana umebana, kisha utazunguka ukigonga shimo. Kipande cha kopo la soda si dawa.

Cha pili ni kwenye mikono. Usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, na ule wa pembe za fahali, kwa kawaida ni 23.8, ulionyooka ni 22.2. Kwa hiyo ukihamia ulionyooka, mipini ya breki ya zamani haihami nawe. Nunua mipini iliyotengenezwa kwa breki za kubana (koleo la kawaida la baiskeli za spoti), si za V (mikono miwili mirefu ya baiskeli za milimani). Ile ya V huvuta waya mwingi, breki inagusa haraka lakini haina nguvu.

Stemu yenyewe: shina la kawaida ni 22.2, lakini Peugeot nyingi za miaka ya 1970 zinataka 22.0. Usipige nyundo.

"Pindua usukani wa zamani, kata ncha, umepata pembe za fahali."

Inawezekana, ila alumini huchoka, na kwenye fiksi usukani unavutwa kwa nguvu kila unapopanda. Safisha sehemu iliyokuwa ndani ya stemu. Ukiona mstari unaozunguka au mchubuko wa kina, utupe. Kata kwa urefu wa ziada kwanza, shika, kisha punguza. Piga tupa, na uzibe ncha: bomba wazi hukata nyama kama kikatio cha biskuti.

"Cheni ikazwe kama uzi wa gitaa."

Inasaga beringi. Zungusha kranki utafute mahali cheni inapokaza zaidi, maana ringi ya meno ya mbele haiwi duara kamili, na hapo acha mchezo wa sentimita 1 hadi 1.5 katikati. Ikilegea kupita hapo inaweza kuchomoka na kufunga gurudumu. Unapoisafisha, usiweke kitambaa karibu na meno gurudumu likiwa linazunguka: hakuna friwili, na kidole kikiingia, gurudumu linaendelea kukivuta.