Friza ya mtu wa hela ndogo: anza na njegere, nyama itafuata

Kwenye mafunzo ya lishe tunayofanya mitaani hapa Mbeya kuna swali halikosi, mtu ameshapata friza, labda kanunua ya mkononi, labda kaachiwa na ndugu aliyehamia Dar, sasa iko sebuleni ina chupa tatu za maji na barafu imejaa pembeni, anauliza, "Sasa mtaalamu, hela ya kuijaza naitoa wapi?" Namjibu, mama usiijaze siku moja. Ijaze kwa miezi mitatu minne, kila wiki kitu kimoja tu, kile ambacho wiki hiyo kimeshuka bei sokoni, na ununue kwa hela ile ile ya mboga uliyokuwa nayo, umeongeza kidogo tu juu yake.

Friza haina faida nyingine kwa mtu wa kipato kidogo zaidi ya hiyo, kuchukua bei ya wakati wa wingi na kukufikisha nayo wakati vitu vimeadimika. Ukienda kujaza kwa mkupuo vitu vikiwa ghali unakuwa umelipa mara mbili, sokoni na kwenye LUKU.

Chukua njegere. Zikiwa nyingi pale Mwanjelwa unaitwa na wauzaji watatu kwa mpigo, sado inashuka, baada ya wiki kadhaa sado ile ile unaipita kimya kimya kama hujaiona. Sasa wiki ile ya kuitwaitwa ndo ya kubeba sado moja ya ziada, na uzimenye siku hiyo hiyo maana zikilala utamu wake unageuka wanga. Kosa ninaloliona sana ni watu kuzitia mbichi kwenye mfuko na kuzisukumia ndani, mwezi mmoja mbele zimepauka, zina harufu ya majani makavu, lawama zote kwa friza. Baridi haiui vile vimeng'enya vilivyomo ndani ya njegere, yaani kemikali zake za asili zinazobadilisha rangi na ladha, inavipunguza kasi tu, vinaendelea kuharibu taratibu, kwahiyo lazima zipite kwenye maji ya moto kwanza.

Na hapa watu wa nyanda za juu tusikilizane vizuri. Maelekezo mengi yanasema njegere dakika moja na nusu, mboga za majani dakika mbili, lakini Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndo maana hata maharage yako yanachelewa kuiva kuliko ya dada yako aliyeko Dar. Ongeza dakika moja kwa kila kitu, na wa Iringa na Njombe hivyo hivyo. Njegere zinakuwa dakika mbili na nusu, sufuria kubwa, maji yakiwa yanatokota kweli kweli, lita 4 kwa nusu kilo, ukizitoa tu zitumbukize kwenye maji baridi kwa muda ule ule (mwezi wa sita na wa saba maji ya bomba yenyewe yanatosha, yanauma vidole). Chuja, zitandaze kwenye kitambaa safi mpaka zikauke maji, kisha kwenye sinia, ingiza friza masaa mawili matatu. Ukitikisa sinia unasikia zinagongana kama kokoto, hapo ndo unazimimina kwenye mfuko wa zipu au kopo, na hazitashikana tena, siku ya kupika unachota kiganja kimoja unarudisha zilizobaki.

Mahindi mabichi nayo ni hivyo, yachemshe na gunzi lake dakika tano kisha pukusua. Nyanya zikishuka, hasa ukipita Ilula ukakuta tenga linauzwa kwa bei ya huruma, zisage, zichemshe mpaka ziwe nzito, zipoe, gandisha kwenye vikopo vidogo vya kutosha mchuzi mmoja. Parachichi liponde na limao.

Ila usiweke viazi mviringo vibichi, vinakuwa vyeusi na majimaji, na kwanini ulipie umeme kwa kitu ambacho hali ya hewa ya huku inakutunzia bure? Viazi, vitunguu na maharage makavu viko salama stoo penye giza na hewa.

Maharage yaliyoiva ni habari nyingine kabisa, na kama una nafasi ya kitu kimoja tu kwenye friza yako ningekuomba kiwe hiki. Loweka kilo mbili jumamosi usiku, jumapili chemsha mara moja mpaka yaive kabisa, gawa kwenye makopo ya siagi, kila kopo mlo mmoja na supu yake kidogo, acha nafasi ya vidole viwili juu maana maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, kopo lililojaa linapasuka. Mkaa au gesi umetumia siku moja, wiki nzima unaunga tu. Usiyaache mezani yalale ndo uyaingize asubuhi, yakipoa ndani ya masaa mawili yaingie.

Sasa nyama. Jirani yangu walichangishana ng'ombe wa sikukuu, fungu lake likawa kilo 12, akaiweka yote kwenye mfuko mmoja ndani ya friza ya lita 100. Juu ikawa jiwe, lakini siku alipoipasua katikati ilikuwa imegeuka rangi na inanuka, akamwaga karibu nusu, na ile ilikuwa hela ya mwaka mzima ya kuchangia. Friza ya ukubwa ule isipewe zaidi ya kilo 4 za vitu vipya kwa siku, na nyama ikatwe mafungu ya mlo mmoja, yabonyezwe yawe bapa kama daftari ili baridi ifike ndani upesi. Kama hela yako ni ya nusu kilo, nunua nusu kilo, igawe mafungu mawili, moja la leo moja la friza, utaona baada ya mwezi lina wenzake. Ya kusaga ile ndani ya miezi mitatu minne, samaki wenye mafuta miezi miwili mitatu, na kila mfuko andika tarehe.

Kuhusu umeme, kama uko kwenye lile kundi la TANESCO la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi angalia kibandiko cha friza kabla hujanunua, kile kinachoonyesha uniti za mwaka, gawa kwa 12, jumlisha na unazotumia sasa, maana ukivuka unahamishwa na bei ya uniti inapanda sana. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita iyeyushe, inakula umeme bure. Na nafasi iliyo tupu jaza chupa za maji, friza iliyojaa ndo inayovumilia umeme ukikatika, kama masaa 48 usipoifungua, ya nusu ni masaa 24 tu.

Ukisafiri, tuseme unaenda Kyela msibani siku nne, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya mia juu ya barafu, kirudishe ndani. Ukirudi ukaikuta juu, umeme haukukatika kwa muda wa kutisha. Ukiikuta imeganda chini kabisa ujue kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya wewe haupo, na hiyo nyama usiionje kuijaribu wala usimpe mtoto supu yake, hata kama inanukia vizuri.