Mchaichai Kunywa, Lakini Homa Ikapimwe

Maswali haya naulizwa karibu kila wiki kwenye zahanati ninayofanyia kazi, huku vijijini Mtwara. Mvua zikikolea, naulizwa kila siku.

Chai za mitishamba zina faida kweli, au ni maneno ya mtaani?

Zina faida. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, hata cha mimba changa. Rosela, wengine mnaiita choya, inaweza kushusha presha kidogo. Mchaichai unanukia vizuri na unakufanya unywe maji yaliyochemka, ambalo peke yake ni jambo kubwa. Ila ukitia vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe kimoja, hiyo ni soda ya moto.

Si ni vitu vya asili? Vitamdhuru nani?

Mhogo mchungu nao ni wa asili, na sijamwona mtu wa Newala akiutafuna mbichi.

Nina homa. Nianze na mwarobaini siku mbili tatu, nisikilizie?

Hapana. Huku kwetu malaria ni nyingi, na homa yoyote inapimwa siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi ukichelewa sana. Kipimo ni tone la damu kidoleni, majibu yanatoka ndani ya dakika 20 hivi. Mwarobaini unachemka muda gani? Karibu huo huo.

Lakini nikinywa, homa inashuka kabisa.

Hapa ndipo tunapopoteza watoto. Homa ya malaria ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Asubuhi mtoto anacheza, jioni anatetemeka. Ukimpa kikombe saa ambayo homa ilikuwa inashuka tu, utaapa kwamba ni mwarobaini, na wakati huo vimelea vinaendelea kuzaliana kwenye damu.

Bibi mmoja alikuja na mjukuu mgongoni na chupa ya maji ya nusu lita mkononi, yale maji ya kijani, yamebaki robo. "Jana alikuwa mzima, mwanangu, hata ugali alikula." Nikavuta kope la chini la mtoto: jeupe. Viganja vyeupe. Ilikuwa siku ya nne. Tukamchoma sindano ya kwanza ya malaria kali na kumpa rufaa ya hospitali akaongezwe damu, maana zahanati hatuna damu. Alipona. Wapo wanaofika siku ya tano.

Kwa hiyo narudia: homa kushuka si kupona. Kapime.

Dawa ya mseto ya malaria si nayo imetoka kwenye majani?

Ni kweli, sehemu yake moja. Chanzo ni mmea wa artemisia, na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuitoa dawa hiyo ndani ya mmea. Lakini dawa yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi kilichomo kinatofautiana mche kwa mche. Kikombe chako kina kiasi gani? Hujui, nami sijui. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya artemisia itumike kutibu wala kuzuia malaria. Na huo ni artemisia. Mwarobaini ndiyo kabisa.

Mtoto akishikwa degedege, sindano si itamuua?

Hapana, hapana, hapana. Degedege kwenye homa mara nyingi huku ni malaria iliyopanda. Anayekufa baada ya sindano ni yule aliyeletwa akiwa ameshachelewa, kisha lawama anabebeshwa nesi. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, si kijiko, si chai, na usimfukize moshi. Tafuta bodaboda. Vivyo hivyo akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea, akipumua kwa shida au akikojoa mkojo mweusi kama kokakola: usiweke sufuria jikoni.

Kichanga mwenye tumbo, nimpe kijiko cha mchaichai?

Chini ya miezi sita ni ziwa la mama tu.

Mimi ni mjamzito, chai gani nisinywe?

Mwarobaini acha. Mizizi na magome ya mlonge acha. Ile chai ya rangi mnayomezea vidonge vya kuongeza damu, tafadhali, hiyo ndiyo inanichosha: majani ya chai yanazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Meza kwa maji, kula chungwa, chai isubiri saa moja au mbili.

Nikinywa rosela niache vidonge vya presha?

Usiache. Na mwambie mhudumu kwamba unainywa.

Nimepimwa, nimepewa mseto. Mchaichai nao naruhusiwa?

Kunywa upendavyo, homa inakausha maji mwilini. Ila mseto umezwe na chakula chenye mafuta kidogo, hata uji wa karanga au mboga ya nazi, maana bila mafuta haufyonzwi vizuri. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili: jumla mara sita. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha uje uongezewe iliyopungua. Na vile viwili mnavyobakiza kwenye kopo la chumvi "kwa ajili ya siku nyingine" ni vya dozi hii hii: vimezeni kwa saa zake mpaka viishe.