Je, wajua saa ya seva yako inaweza kutumiwa kumshambulia mtu usiyemjua?

Seva nyingi za ofisi za Nairobi hupata saa sahihi kwa kuuliza intaneti kupitia NTP, itifaki ya David Mills wa Marekani iliyochapishwa mwaka 1985. Swali hupita kwa UDP, njia ya kutuma data bila kwanza kufungua mawasiliano, kwenye poti 123, na jibu hurudi papo hapo.

Udhaifu uko hapo kwenye UDP: haithibitishi aliyeuliza ni nani. Mhalifu huweka anwani ya mtu mwingine kwenye swali, na jibu humwendea huyo asiye na habari. Matoleo ya zamani ya ntpd, programu inayoendesha NTP kwenye seva, yalikuwa na amri ya monlist, iliyorudisha orodha ya hadi anwani 600 za mashine zilizowasiliana na seva. Swali dogo, jibu kubwa mno. Februari 2014 mbinu hiyo ilimrushia mteja mmoja wa Cloudflare, kampuni inayolinda tovuti, karibu gigabiti 400 kwa sekunde. Wenye seva zile hawakuwa na ugomvi na mtu. Waliacha mipangilio kama walivyoikuta.

Kwa ntpd, mstari unaohitajika kuzuia hilo kwenye /etc/ntp.conf, faili la mipangilio yake, ni huu:

restrict default kod nomodify notrap nopeer noquery

Wengi huiogopa noquery wakidhani itakata saa. Haikati. Inazuia maswali ya kuchungulia hali ya seva, monlist ikiwemo. Anayeomba saa bado anapewa. Nomodify nayo inazuia mtu wa mbali asibadilishe mipangilio. Ongeza restrict 127.0.0.1 na restrict ::1, ili wewe uliye kwenye mashine yenyewe uendelee kuikagua.

Kwa mashine ya kawaida ya ofisi, mimi napendelea chrony, programu nyingine ya NTP. Yenyewe haimgawii mtu saa mpaka uandike allow kwenye faili la mipangilio yake. Lakini chunga: allow tupu hufungulia dunia nzima. Ikiwa ofisi yako ya Upper Hill inatumia mtandao wa 192.168.10.0/24, andika allow 192.168.10.0/24, basi.

Ukimaliza, iwashe upya huduma kisha endesha ss -lun, amri inayoonyesha poti za UDP zilizo wazi. Ntpd itaonekana kwenye poti 123 hata kama inapokea saa tu, kwa hiyo ifunge kwa ukuta wa moto dhidi ya maombi ya nje. Chrony isiyogawa saa huonyesha poti 323 pekee, tena kwenye anwani za ndani ya mashine. Ukiona 0.0.0.0:123 hapo, yaani poti 123 iliyo wazi kwenye anwani zote za mashine, kuna allow mahali fulani, itafute.