Kabla ya Kuitazama Picha ya Safari, Igeuze

Picha ya zamani inapoletwa kwenye meza yetu ya uhifadhi, jambo la kwanza tunalofanya ni kuigeuza na kuusoma mgongo wake. Wenye picha hushangaa, kwa kuwa wamezoea kuitazama upande wa mbele tu, lakini kazi hii imetufundisha kwamba habari nyingi hukaa nyuma: mwandiko wa mtu aliyekwisha kufariki, muhuri wa studio, namba fulani, au hata mabaki ya gundi yanayoonyesha kwamba picha ilibanduliwa kutoka katika albamu ambayo huenda kurasa zake nyingine bado zimo ndani ya familia.

Kosa tunalokutana nalo zaidi ni kudhani kwamba kila picha iliyomo katika albamu ya msafiri ilipigwa na msafiri huyo. Kwa safari za karne ya 19 dhana hiyo mara nyingi hupotosha. Upigaji picha ulitangazwa kwa umma jijini Paris mwaka 1839, na kwa karibu nusu karne ukabaki kazi ya mafundi na ya watu wachache wenye uwezo. Katika miaka ya 1850 ilienea njia ya kutumia bamba la kioo lililopakwa kolodioni, dawa ya majimaji yenye kunata, na mpiga picha alilazimika kulipaka bamba hilo, kulitia katika kamera na kulisafisha kabla dawa haijakauka, kwa hiyo kila alikokwenda alibeba hema la giza, vioo na masanduku ya kemikali. Francis Frith, Mwingereza aliyesafiri Misri na nchi za jirani kati ya mwaka 1856 na 1860, alisimulia jinsi joto la ndani ya hema lilivyoichemsha dawa alipokuwa akiimimina juu ya kioo. Mtalii wa kawaida asingejitwisha mzigo huo. Alichofanya ni kununua picha zilizokwisha kuchapwa, kama zile za familia ya Bonfils, waliofungua studio Beirut mwaka 1867 na kuwauzia wageni mandhari za Misri, Palestina na Syria, kisha akazibandika mwenyewe aliporudi kwake. Ukiona kwenye kona ya chini ya picha ya aina hiyo namba, jina la mahali na jina la studio, yote yakiwa yamechapwa pamoja na picha yenyewe, ujue kwamba umeshika bidhaa iliyouzwa kwa wengi. Ugunduzi huo usikuvunje moyo. Nakala nyingine ya picha hiyo hiyo inaweza kuwa imehifadhiwa katika makumbusho ikiwa na mwaka na mahali, na tena yale aliyochagua mtu kuyanunua, na yale aliyoyaacha, yanatuonyesha alichokithamini.

Mambo yalibadilika mwaka 1888, George Eastman alipoanza kuuza kamera ya Kodak ikiwa tayari na filamu ya picha 100. Mwenye kamera alibonyeza tu, na filamu ilipokwisha aliirudisha kamera nzima kiwandani ili isafishiwe huko. Picha za kamera hiyo ya kwanza zilikuwa za duara, kwa hiyo picha ndogo ya duara, yenye upeo wa macho uliolala upande na mtu aliyekatwa miguu, ni dalili nzuri kwamba msafiri aliipiga kwa mkono wake.

Postikadi nazo zina ushahidi wake. Hapo mwanzo upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake, na salamu zilibanwa pembezoni mwa picha. Uingereza iliruhusu upande huo ugawanywe, nusu ya anwani na nusu ya ujumbe, mwaka 1902, na Marekani ikafuata mwaka 1907. Muhuri wa posta, hata hivyo, unaeleza siku kadi ilipotumwa na si siku picha ilipopigwa. Maduka yaliendelea kuuza mandhari za zamani kwa miaka mingi.

Hata picha ambayo tarehe na mpigaji wake vinajulikana inahitaji kuhojiwa. Mpiga picha Mwingereza Roger Fenton alipokuwa katika vita vya Crimea mwaka 1855 alipiga picha mbili za bonde moja akiwa amesimama mahali pale pale. Katika moja, matufe ya chuma ya mizinga yametapakaa barabarani. Katika nyingine, barabara ni tupu. Watafiti wamebishana sana kuhusu ipi ilitangulia, na kama matufe hayo yalipangwa kwa makusudi.

Kuna pengo jingine ambalo mimi naliona zito kuliko yote. Albamu nyingi za safari humtaja msafiri, mwenzake na jina la hoteli, huku waliobeba mizigo, walioongoza njia na waliopika wakibaki bila majina, au wakiitwa kwa maneno ya dharau ya zama zile. Sisi hatuyafuti maneno hayo, kwa sababu nayo ni ushahidi. Tunayanakili kama yalivyo, tunaonyesha kuwa ni ya mwandishi wa awali, kisha tunaandika maelezo yetu pembeni. Ikiwa yupo mtu anayeweza kumtambua hata mmoja wa watu hao, aulizwe leo.

Majibu yake yaandikwe nyuma ya picha, ukingoni, kwa penseli laini, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu, kwa maana wino wa kalamu hupenya karatasi. Andika majina kamili na si "shangazi" au "sisi", na utaje ni nani aliyekueleza. Albamu zenye kurasa za kunata ziepukwe, kwa kuwa gundi yake huharibu picha. Kwa picha za simu, tarehe na mahali hukaa ndani ya faili lenyewe, lakini programu nyingi za kutumiana ujumbe huviondoa, hivyo faili la awali ndilo la kuhifadhiwa.

Vikumbusho visivyo picha ni vigumu zaidi, kwa kuwa havina mgongo wa kuandikwa. Vichupa vya udongo ambavyo mahujaji wa karne ya 5 hadi ya 7 walivichukua kutoka kwenye kaburi la Mtakatifu Menas nchini Misri vimepatikana hadi Ulaya, na tunavitambua kwa sababu vimechorwa mtakatifu huyo akiwa katikati ya ngamia wawili. Ganda la kombe au kijiwe hakina mchoro wa namna hiyo. Kikipoteza kikaratasi cha maelezo kilichofungwa kwa uzi, kimepoteza kila kitu. Katika hifadhi ya Petrified Forest, jimboni Arizona nchini Marekani, wageni waliowahi kuchukua vipande vya miti iliyogeuka mawe huvirudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi. Barua hizo huhifadhiwa. Vipande vyenyewe haviwezi kurejeshwa nyikani, kwa sababu hakuna ajuaye kila kimoja kilitoka wapi hasa, na kukiweka popote kungewapotosha wanasayansi, kwa hiyo hukusanywa katika rundo moja kando ya njia.