Pengo la kinga: kwa nini mtoto wa mbwa hachanjwi mara moja tu

Ukichukua mtoto wa mbwa hapa Dar es Salaam, awe wa kizungu kutoka kwa mfugaji wa Kigamboni au wa kienyeji uliyepewa na jirani, maneno ni yaleyale: "Huyu ameshachanjwa, usiwe na wasiwasi." Halafu unampeleka kwa daktari wa mifugo, naye anakupangia sindano nyingine mbili au tatu. Hapo wengi huhisi wanapigwa. Hawapigwi. Sindano zinarudiwa kwa sababu ya pengo la kinga.

Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu bila kinga yoyote. Ya kuanzia huipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Utumbo wake hupitisha kingamwili za mama, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, kwenda kwenye damu kwa siku moja hivi ya mwanzo, basi. Asiyewahi kunyonya siku hiyo amekosa. Na mama ambaye hajawahi kuchanjwa wala kuugua hana cha kumgawia.

Kingamwili hizo humlinda kwa wiki kadhaa huku zikipungua. Shida ni kwamba hazibagui. Chanjo za pavo (ugonjwa wa virusi wa kuharisha damu) na distempa (wa virusi pia, unaoshambulia mapafu na ubongo) ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na ili mwili ujenge kinga yake, inabidi vizaliane kidogo ndani yake. Kingamwili za mama zikiwa bado nyingi, zinaviua mapema. Sindano imechomwa, kadi imegongwa muhuri, kinga hakuna. Baadaye kinafika kipindi ambacho kingamwili zimepungua kiasi cha kushindwa kuzuia kirusi cha mtaani, lakini bado zinatosha kuizima chanjo. Hilo ndilo pengo.

Lingekuwa linafika siku moja kwa mbwa wote, sindano moja ingetosha. Lakini kwa mmoja kingamwili za mama huisha wiki ya 6 au ya 8, kwa mwingine hufika hata wiki ya 16, na ndugu wa tumbo moja hutofautiana. Kwa kumtazama tu hakuna anayejua. Ndiyo maana dozi huanza wiki ya 6 hadi 8, zikarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka mbwa afikishe wiki 16 au azipite. Ni kama kurusha mawe kwenye mwembe: unarusha kadhaa ukijua mojawapo litaangusha embe. Dozi nyingine hutolewa akiwa na miezi 6 au akikaribia mwaka, kuwanasa waliokoswa na zote hizo.

Kwa hiyo kama mfuko umebana, usiikate dozi ya mwisho. Watu hufanya kinyume. Wanachangamkia mbili za mwanzo, mbwa ananenepa, anaanza kubweka getini, wanaishia hapo akiwa na wiki 10. Binafsi naiona ile ya wiki 16 kuwa ndiyo ya kupigania kuliko zote.

Turudi kwa muuzaji na "ameshachanjwa" yake. Omba kadi. Chanjo za mchanganyiko kwa kawaida huja katika vichupa viwili: kimoja kina kidonge kikavu kilichogandia chini, kingine kina maji ya kuchanganyia. Daktari huvichanganya mbele yako, kisha hubandua stika ya kichupa na kuibandika kwenye kadi, na hapo unasoma jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Chanjo hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ukimwona mtu anaitoa mfukoni kwenye joto la Januari, au kwenye friji iliyolala bila umeme, kataa. Kama kadi haipo, hesabu kwamba hajachanjwa. Kurudia hakumdhuru mbwa mwenye afya.

Pavo, ambayo dunia iliitambua mwaka 1978, hukaa kwenye udongo miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiiwezi, inataka klorini. Ua ambao mbwa amekufa kwa kuharisha damu si wa kuleta mtoto mwingine mwezi unaofuata. Distempa nayo, mwaka 1994, iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na chanzo kilichotajwa ni mbwa wa vijiji vya jirani. Mbwa wa kienyeji, basi, hana msamaha.

Pengo likiwa wazi, usimfungie ndani kabisa, maana umri huohuo ndio wa kuzoea dunia. Mbebe, apande bajaji, asikie honi na adhana, achezewe na watoto. Ila miguu yake isikanyage jalalani, nyuma ya bucha wanapokusanyika mbwa koko, wala mchanga wa Coco Beach.

Minyoo haingoji haya yote. Mtoto huipata tumboni au kwenye maziwa, kwa hiyo dawa huanza akiwa na wiki 2. Kupe wa mbwa hujificha kwenye nyufa za ukuta, basi banda nalo litibiwe. Na kama unakaa mabondeni, karibu na Msimbazi, muulize daktari kuhusu chanjo ya homa ya mgunda, ileile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Panya huieneza kwa mkojo, na mafuriko husambaza.

Kichaa cha mbwa hakina mjadala: dozi akiwa na wiki 12 au zaidi, kisha baada ya mwaka. Akichomwa akiwa na wiki 8, irudiwe, kwa sababu ileile ya dang'a. Karibu binadamu wote wanaokufa kwa kichaa hukipata kwa mbwa, na dalili zikishaanza hospitali haina cha kufanya. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo, mbwa awe na kadi au asiwe nayo.