Kisiwa cha karibu wese ghali kuliko cha mbali, kwanini?

Kuna swali niliulizwa na mzee mmoja nahodha, tumekaa gatini tunasubiri maji yajae, akaniambia mwanangu wewe ndo mtu wa mafuta, hebu nieleze, kile kisiwa cha wenzetu kiko mbali na bara mara mbili ya sisi, mbona wao petroli wanauziwa nafuu na sisi wa karibu ndo tunaumia? Nilikuwa na miaka miwili tu kwenye hii kazi ya kupanga shehena za mafuta za visiwani, nikaanza kumweleza habari za nauli na bahari kuchafuka, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema mwanangu hujanijibu. Na kweli nilikuwa sijamjibu. Hapa naandika jibu ambalo ningempa leo.

Wengi wetu tukisikia kisiwa cha mbali akili inakimbilia maili za baharini. Umbali unachangia, sikatai, ila meli ikishapakia na kung'oa nanga, kuiongezea maili mia moja sio gharama ya kutisha ukiigawa kwa kila lita, ilimradi lita zenyewe ziwe nyingi. Na hapo ndipo penye tatizo, lita sio nyingi. Meli za mafuta za saizi ya kati zinazozunguka kwenye bandari kubwa zinabeba kama tani 35,000 hadi 50,000. Chukua tani 40,000 za petroli, lita moja ina uzito wa gramu 740 hivi, unapata zaidi ya lita milioni 50. Sasa weka kisiwa chenye watu 1,000, na tufanye kila mtu kwa wastani anatumia lita 300 kwa mwaka, gari humo, boti humo, pampu ya maji humo. Hizo ni lita 300,000. Ile shehena ya meli moja ingewatosha zaidi ya miaka 160! Kwahiyo haiji, na hata ikitaka kuja haina kina cha maji cha kusimama wala tangi la kumiminia.

Kinachofanyika ni mafuta kupokezanwa. Meli kubwa inashusha kwenye bandari kuu, kimeli kidogo cha tani elfu moja au mbili kinachukua pale kinapeleka kisiwa kikubwa chenye matangi, kutoka hapo tishari au boti inabeba mapipa kwenda kisiwa kidogo, halafu gari au mabega ya watu yanamalizia mpaka sheli. Na kila mafuta yanapohama chombo kuna mtu analipwa, kuna tangi la mtu linalipiwa, kuna bima, kuna kipimo cha kukaguliwa, na kuna kidogo kinachopotea njiani. Yule mzee kisiwa chake kilikuwa kinaletewa kwa mapipa, mikono mitatu hadi minne, wenzao wa mbali walikuwa na gati lenye kina na matangi ya kupokea shehena nzima, kimeli kinatoka bandari kuu kinanyooka kwao moja kwa moja. Nikipewa kisiwa chochote leo nikaulizwa bei yake itakuwaje, kabla sijafungua ramani nauliza ukubwa wa tangi na kina cha gati.

Kwenye pipa naomba nikae kidogo maana watu wanalichukulia poa sana. Pipa la kawaida linabeba lita 200, ukijaza petroli una karibu kilo 150 za mafuta, ongeza bati lenyewe unakaribia kilo 170. Kile kisiwa chetu cha mfano kinahitaji mapipa 1,500 kwa mwaka, na yote hayo yarudi matupu kwenda kujazwa tena, maana yake nusu ya safari chombo kinabeba upepo. Wala sio upepo wa kawaida, pipa tupu lililobaki na mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwasababu kinachowaka ni mvuke uliochanganyika na hewa. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, wakati dizeli mpaka uipashe ivuke digrii 50 na kitu. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, unatambaa unajikusanya chini kwenye tumbo la boti, pale pale kwenye waya za betri. Ndo maana sheria za usafirishaji wa bidhaa hatari baharini zinabana sana kuweka petroli kwenye chombo chenye abiria, na mara nyingi inabidi ipangiwe safari ya peke yake. Safari ya peke yake inalipwa na nani? Na hizo hizo lita chache.

Halafu kuna hili la joto ambalo nimeona likivunja urafiki wa watu kabisa. Petroli inatanuka, kila digrii moja ya joto ujazo wake unabadilika kwa karibu asilimia 0.1. Ukipakia lita 10,000 jua linawaka, ukaja kushusha usiku mafuta yamepoa digrii 10, utakosa karibu lita 95 na hakuna aliyeiba hata kikombe. Kwenye bandari kubwa wanapima joto na kurekebisha hesabu, ila kisiwani ambako kipimo ni kijiti cha kuchovya na macho, nahodha anaonekana mwizi na mwenye sheli anaandika hasara. Ile hasara mwezi ujao imo ndani ya bei.

Tukifika sheli yenyewe sasa. Tuseme kuiendesha kwa siku inagharimu uniti 1,000 za pesa yoyote unayotaka, mshahara, umeme wa pampu, ukaguzi wa tangi, kutu ya chumvi ambayo haina likizo. Sheli ya mjini inayouza lita 10,000 kwa siku inaweka 0.1 juu ya kila lita. Ya kisiwani inayouza lita 400 inaweka 2.5. Hiyo ni mara 25, na wala hatujazungumzia tamaa ya mtu. Ongeza kwamba akiba lazima iwe kubwa, kwasababu bahari ikichafuka meli haiji wiki tatu na bado wagonjwa wanatakiwa kuvushwa, kwahiyo mwenye sheli analipia leo mafuta atakayouza miezi miwili mbele, mara nyingi kwa mkopo wenye riba. Na hapo hapo ndo unapata ile lawama ya kila siku, bei ya dunia imeshuka mbona kwetu bado? Bado kwasababu tangini kuna mzigo ulionunuliwa kwa bei ya zamani. Shida ni pale bei ya dunia inapopanda na ya kisiwani inapanda jioni ileile wakati tangi limejaa mzigo wa bei ya chini. Hapo siwezi kumtetea mtu.

Maana tuseme ukweli, sio kila senti ya ziada ni gharama halali. Kisiwa chenye msambazaji mmoja na tangi moja hakina mtu wa kumbana bei, na wateja hawana pa kwenda, huwezi kupanda boti kwenda kutafuta petroli ya nafuu maana utaimaliza njiani. Mfano ninaoutumia sana ni wa visiwa vya magharibi mwa Scotland. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza mwaka 2014 ilipokea ahadi kutoka kwa msambazaji mkubwa wa kule kwamba ataachana na mikataba ya miaka mitano iliyofunga sheli kununua kwake tu, na wengine waruhusiwe kutumia matangi ya bandarini. Angalia wamebana wapi, kwenye mkataba na kwenye tangi, bei ya pampu hawakuigusa. Naona walilenga sawasawa.

Linganisha na Hawaii, waliweka ukomo wa bei ya jumla ya petroli Septemba 2005, kufika Mei 2006 wameshausimamisha. Ukomo wa bei unavutia mbele ya wananchi ila hauongezi lita wala hauchimbi kina cha gati. Na Hawaii ina mzigo wake mwingine, sheria ya Marekani ya mwaka 1920 inayotaka bidhaa za kutoka bandari moja ya nchi hiyo kwenda nyingine zibebwe na meli zilizojengwa huko huko na kumilikiwa na watu wa huko, meli ambazo ni chache na ghali.

Kodi nayo ina mtego wake ambao wachache wanauona. Kodi ya asilimia ikitozwa juu ya bei ya mwisho, inatozwa hadi juu ya nauli, yaani mtu wa kisiwani anatozwa kodi kwa kosa la kuishi mbali. Uingereza kuanzia Machi 2012 waliruhusu punguzo la peni 5 kwa lita kwenye visiwa vya Scotland na vile vya Scilly kusini magharibi mwa England, mwenye sheli anashusha bei halafu anadai hiyo pesa serikalini. Japani nao tangu 2011 wana ruzuku ya petroli ya visiwani, kiasi kinategemea umbali na namna mafuta yanavyosafirishwa. Mimi naiunga mkono ruzuku ya namna hiyo, inaokoa watu kweli, ila ni ya kulipa kila mwaka milele, wakati tangi la kuhifadhi shehena ya miezi minne unajenga mara moja na linakaa miaka thelathini ukilitunza. Ningepewa pesa hiyo hiyo nichague, ningeanza na tangi na bomba la kushushia, la umma, wazi kwa kila mwenye mafuta, halafu visiwa vitatu vinne vinavyofuatana viagize pamoja kimeli kimoja kivizungukie. Ugumu wa hapo ni wa kibinadamu, kukubaliana nani anashushiwa kwanza na nani anabeba hasara ya mwisho, nimekaa vikao vya namna hiyo mpaka usiku wa manane.

Wavuvi huwa nawaambia waanze na mashine yao. Ile mashine ya zamani ya mipigo miwili yenye kabureta inaweza kutupa hadi robo ya petroli nje bila kuungua, unaiona inang'aa rangi rangi juu ya maji. Mashine ya mipigo minne inakula kidogo sana, ila bei yake ya kununua ndo ukuta, na kwa maoni yangu mkopo wa mashine ungemsaidia mvuvi kuliko kumshushia bei ya lita.

Sasa kuna watu wananiuliza kwanini tusihamie magari ya umeme yakaisha haya yote. Hesabu yake sio ngumu. Gari dogo la umeme linakula uniti za umeme (kilowati-saa) 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Kama umeme wa kisiwa unatoka kwenye jenereta ya dizeli, kila uniti ni kama lita 0.3, kwahiyo umechoma lita 4.5 hadi 6, na kuna umeme unaopotea kwenye nyaya, wakati gari dogo la petroli lingekula 6 au 7. Umehamisha moshi tu. Ikiwa umeme ni wa jua au upepo hapo sawa kabisa, na visiwa vimeshaonyesha inawezekana, Tokelau kule Pasifiki mwaka 2012 walifunga sola kwenye atoli zao zote tatu, yaani visiwa vya matumbawe, El Hierro kisiwa cha Hispania walifungua mtambo wa upepo na maji mwaka 2014, Ta'u kule Samoa ya Marekani wakafuata 2016 kwa sola na betri.

Nafurahi kuona hayo, ila kuna kitu kinanikosesha usingizi. Kwenye visiwa vingi dizeli ya jenereta ndo mteja mkubwa wa ile meli, ndo inayolipia safari, petroli ya boti na magari inapanda kama abiria wa nyongeza. Jenereta ikizimwa, lita zinazobaki ni chache zaidi, na gharama za kimeli, za tangi na za sheli ziko palepale. Kwahiyo umeme unashuka bei na mvuvi petroli yake inapanda, na yeye mashine yake bado haina betri ya kumfikisha kwenye samaki na kumrudisha. Hii inatibika ikipangwa mapema, kwa kuhamia kwenye matangi madogo ya kontena ya lita 20,000 hivi ambayo meli ya mizigo ya kawaida inaweza kuyabeba, au kutenga sehemu ya pesa iliyookolewa kwenye dizeli kulipia nauli ya petroli kwa miaka ya mwanzo. Siku hizi kila mradi wa sola wa kisiwani unaofika mezani kwangu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni ukurasa unaosema lita zitakazobaki zitaletwa na chombo gani na kwa nauli ipi, na mara nyingi huo ukurasa haumo, inabidi nikae niuandike.